Je, Mmemwona?

Tulikuwa wanne, tumesimama kwenye njia ya msituni huko Monteverde, nchini Kosta Rika, asubuhi mapema kabla jua halijapenya. Ukungu ulikuwa umetanda kati ya miti, na kila tawi lilikuwa limevikwa mimea mingine iliyoota juu yake. Usharika wetu ulikuwa umetutuma kwenye ziara ya kindugu katika nchi hiyo ya Amerika ya Kati: mzee wa kanisa, mwinjilisti, mama mmoja wa kwaya na kijana mmoja. Baada ya siku kadhaa za vikao na ibada, wenyeji wetu walitupa siku mbili za kupumzika milimani.

Kijana mwenyeji aliyetuongoza alisimama ghafla, akainua mkono, akanong'ona. Dada wa kanisa lililotupokea akatufasiria: juu ya maua meupe, kushoto kwa tawi lililovunjika, yupo ndege tuliyekuwa tukimtafuta. Tukainua darubini. Majani yakatikisika, kitu kikavuma kama nyuki mkubwa, kisha kukawa kimya.

"Mmemwona?" kijana akauliza, uso wake ukiwa umejaa furaha.

"Ndiyo," mwinjilisti akajibu. "Ndiyo, mzuri sana," mzee akaongeza. Mama wa kwaya akatikisa kichwa kukubali. Kijana wetu akasema, "Asante." Mwongozaji akatoa daftari lake, akaandika.

Jioni, tukiwa tumekaa kula, mama wa kwaya aliweka kijiko chini. "Ndugu zangu," akasema, "mimi leo asubuhi sikumwona ndege yeyote. Niliona majani." Tukanyamaza kidogo. Kisha kijana akasema naye hakuona. Mzee akasema alidhani mwinjilisti ameona, ndiyo maana akaitikia. Mwinjilisti akainamisha kichwa: alisikia uvumi wa mabawa, akaona aibu kumvunja moyo yule kijana aliyeamka alfajiri kwa ajili yetu.

Torati ilitaka neno lithibitishwe kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Sisi tulikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyeona.

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu kila mmoja wetu alikumbuka jambo jingine lililotokea nyumbani. Tutalifikia. Kwanza tueleze kuhusu ndege mwenyewe, maana ugumu wa kumwona ndio uliotufundisha.

Msomaji wetu huenda anamfikiria chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa ambaye huja kunyonya maua kwenye bustani za makanisa yetu. Wapo wanaomwita chozi ndege mvumaji, lakini ni ndege wawili tofauti. Chozi ni wa jamii ile kubwa ya akina shomoro, na mara nyingi hutua juu ya ua ndipo anywe. Ndege mvumaji ana undugu wa karibu zaidi na wale ndege wenye mabawa kama mundu wanaoruka kwa kasi juu ya paa za kanisa wakati wa jioni. Yeye hunywa akiwa angani, amesimama mahali pamoja, mabawa yakipiga kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuyafuata. Zipo aina zaidi ya 350 za ndege wavumaji, na zote huishi katika mabara ya Amerika tu. Kosta Rika peke yake, nchi ndogo kuliko mkoa wetu wa Morogoro, ina aina zipatazo 50.

Yule tuliyeonyeshwa ana kichwa cha rangi ya shaba. Wataalamu humwita Microchera cupreiceps, na haishi nchi nyingine yoyote duniani ila Kosta Rika. Uzito wake ni kama gramu 3, pungufu ya kijiko cha chai cha sukari. Mwongozaji alikuwa ametueleza mapema alama za kumtambua: mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, utosi wa shaba kwa dume, na weupe kwenye mkia. Jike hana utosi wa shaba. Yeye ni kijani mgongoni na mweupe kifuani, na mtu anaweza kumchanganya na jike wa aina nyingine iliyopo humo humo msituni, ambaye bawa lake lina doa la rangi kama ya mdalasini. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Nimeona ndege mdogo wa kijani." Unatakiwa uone mdomo, mkia na bawa, na pengine una sekunde mbili tu za kufanya hivyo.

Tena rangi yenyewe haitulii. Sehemu kubwa ya mng'ao wa ndege hawa hautokani na rangi iliyokolea ndani ya unyoya kama rangi ilivyokolea kwenye kitenge. Ndani ya unyoya kuna tabaka nyembamba mno ambazo hurudisha mwanga, kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi yanavyotoa rangi za upinde wa mvua. Ukisogea hatua moja, rangi inazimika. Pale Monteverde kuna ndege mvumaji mwingine ambaye dume wake ana koo la zambarau. Tulimwona kwenye vibuyu vya maji ya sukari vilivyotundikwa kwa ajili ya wageni. Mzee alisema koo lake ni jeusi. Mama wa kwaya, aliyesimama upande wa pili, alisema ni la zambarau. Wote wawili walisema kweli. Ndege alipogeuka, mzee naye akaona zambarau.

Hapo pana funzo la kwanza: kutofautiana katika ushuhuda si lazima kuwe uongo. Watu wawili waaminifu wanaweza kusimama pande mbili na kusema mambo mawili. Aliyesema "nyeusi" alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana ndicho alichoona kutoka mahali aliposimama. Kosa letu la ile asubuhi lilikuwa la namna nyingine. Sisi hatukuona kwa sehemu. Hatukuona kabisa, na tukasema tumeona.

Je, lilikuwa kosa kubwa? Mtu anaweza kusema ni adabu tu. Mgeni hamkatishi tamaa mwenyeji. Sisi tumelelewa hivyo: ukikaribishwa chakula unasema kitamu, ukiulizwa habari unasema nzuri hata kama umetoka kuuguza. Hatudharau malezi hayo, maana yana upendo ndani yake. Lakini yule kijana hakuuliza kama tumefurahi. Aliuliza kama tumeona, na jibu letu aliliandika.

Nasi tunajua kwamba maandishi ya namna ile yana kazi. Tangu mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kimekuwa kikikusanya orodha za watazamaji ndege kutoka nchi nyingi kupitia mpango uitwao eBird, na wapo watu wanaojitolea kukagua taarifa zisizo za kawaida. Kwa orodha hizo watu hujua ndege gani anapungua na wapi. Mtu akiandika ameona asichokiona, anawafariji wengine kwa faraja ya uongo. Katika msitu ule ule wa Monteverde alikuwepo chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana mahali pengine popote. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1989. Watu walimtafuta miaka mingi, wakitamani sana kumwona. Kila aliyerudi akasema "sikumwona" alisema neno chungu, lakini la kweli. Mwaka 2004 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Kama wapole kama sisi wangekuwa ndio mashahidi, pengine chura yule angeendelea kuishi kwenye madaftari miaka mingi baada ya kufa msituni.

Sasa tuseme lile jambo la nyumbani.

Katika usharika wetu yupo mama mmoja ambaye ametupa ruhusa tueleze habari zake bila jina. Alikuwa na ugonjwa wa presha kwa miaka mingi, akitumia dawa kila siku. Jumatano moja kwenye kikundi cha maombi tuliomba kwa ajili yake kwa muda mrefu na kwa machozi. Tulipomaliza, mmoja wetu alimshika mkono na kumwuliza mbele ya wote, kwa sauti ya shangwe, "Mama, umepona?" Akajibu, "Nimepona." Tukapiga makofi, tukaimba. Jumapili iliyofuata tukampa nafasi ya kutoa ushuhuda, naye akatoa, na kanisa zima likasema amina. Baada ya ushuhuda ule aliona aibu kuonekana na kikopo cha dawa, akaviacha vidonge. Miezi michache baadaye alipata kiharusi. Mungu alimhifadhi uhai, lakini mkono wake wa kulia haujarudi kama ulivyokuwa.

Tulipokwenda kumwona hospitalini, hakutulaumu kwa ukali. Alisema kwa shida, maneno yakitoka moja moja: "Mliniuliza mbele ya watu wote. Ningesemaje?"

Hilo ndilo tulilolikumbuka mezani kule Monteverde, na ndilo lililozima kicheko. Kwa miaka mingi tulidhani swali la amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, linamhusu anayesema. Siku ile tuliona linamhusu pia anayeuliza. Ipo namna ya kuuliza ambayo ndani yake jibu limekwisha kutiwa. Yule kijana mwenye daftari aliuliza kwa furaha yake, wala hakukusudia kututega. Nasi tulimwuliza yule mama kwa upendo. Lakini swali lililobeba furaha ya watu ishirini ni mzigo mzito, na si kila mgonjwa ana nguvu za kuurudisha.

Wapo watakaotuambia kwamba tunaipunguza imani. Watasema: imani hutaja yasiyokuwapo kana kwamba yapo, kwa hiyo mgonjwa aseme amepona hata kabla hajapona. Tumeliwaza jambo hili kwa uzito, kwa kuwa wanaolisema ni ndugu zetu na wengi wao wanampenda Mungu kuliko sisi. Jibu letu tumelipata katika lugha tunayosema kila siku. Kati ya "ataniponya" na "ameniponya" kuna tofauti ya silabi moja. Ya kwanza ni tumaini, na mtu anaweza kuisema akiwa kitandani, akiwa amebeba kikopo chake cha dawa, bila kusema uongo hata kidogo. Ya pili ni taarifa ya jambo lililotokea. Imani haihitaji kuiba silabi ya pili ili iwe imani. Ibrahimu aliamini atapata mwana, lakini hakuwaonyesha majirani mtoto ambaye hajazaliwa.

Na kama mtu atauliza, "Je, uongo huu haumtukuzi Mungu?" basi amsome Ayubu. Rafiki zake walikuja na maneno mazuri ya kumtetea Mungu, wakimlazimisha Ayubu akiri mambo ambayo hakuyatenda ili mafundisho yao yasimame. Katika sura ya 13 Ayubu anawauliza kama watanena kwa udhalimu kwa ajili ya Mungu, na kama watamdanganyia Yeye. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia watetezi wake, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu, yule aliyelia na kulalamika. Hili ni neno la kutisha kwetu sisi tunaopenda ibada ziwe na moto. Mungu hahitaji tumsaidie kwa kuongeza chumvi. Utukufu unaojengwa juu ya ushahidi wa uongo ni utukufu wa kikundi chetu. Tunaliweka jina lake mbele, lakini sifa tunazichukua sisi.

Sasa tuangalie Bwana Yesu anavyouliza. Katika Injili ya Marko sura ya 8 wanamletea kipofu huko Bethsaida. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji. Tuliisoma habari hii mara nyingi bila kuona jambo hilo: alimtoa kwanza mbele ya watu. Kisha anamwekea mikono na kumwuliza kama anaona kitu chochote. Hakumwambia, "Sasa unaona, sivyo?" Aliacha mlango wazi, hata kwa jibu la "sioni."

Na yule mtu alijibu kwa uaminifu wa ajabu. Alisema anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Fikiri alivyoweza kusema vinginevyo. Aliyemgusa ni Mwalimu mwenye sifa nchi nzima. Rafiki zake wamehangaika kumleta. Adabu ingemwambia aseme, "Naona vizuri, Bwana, asante." Angesema hivyo, pengine angerudi nyumbani na nusu ya macho, akiwakwepa watu njiani kama anayekwepa miti, na maisha yake yote angelinda ule uongo mdogo. Lakini kwa kuwa alisema nusu aliyoiona, Yesu alimwekea mikono mara ya pili, na ndipo akaona kila kitu waziwazi.

Yesu hakumkemea kwa upungufu wa imani. Hakuona aibu kwamba mguso wa kwanza umeacha ukungu. Tukauona moyo wa jambo lote hapo: mguso wa pili ulikuja kwa mtu aliyekubali kusema kwamba bado haoni vizuri. Sisi tulimfungia mama yetu mlango huo. Tulimfanya aseme "nimepona" siku ya Jumatano, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwombea presha tena. Tungemwombeaje mtu aliyekwisha pona?

Pale Monteverde tulipata kusikia habari nyingine iliyotusaidia. Mji ule ulianzishwa mwaka 1951 na familia za Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, wanaojulikana kama Wakweka, waliohama kutoka jimbo la Alabama, Marekani. Baadhi yao walikuwa wamefungwa gerezani kwa kukataa kuandikishwa jeshini, na Kosta Rika ilikuwa imelivunja jeshi lake mwaka 1948. Walifuga ng'ombe na kutengeneza jibini, na msitu ulio juu ya mashamba yao wakauacha bila kuukata ili kulinda vyanzo vya maji. Sehemu ya uangalifu ule ndiyo iliyotuwezesha sisi kusimama chini ya miti ile.

Marafiki si wageni kwetu Afrika Mashariki. Wamekuwapo Kaimosi, magharibi mwa Kenya, tangu mwaka 1902, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zenye Marafiki wengi zaidi duniani. Tangu zamani wana desturi ya kutokula kiapo hata mahakamani. Sababu yao ni mafundisho ya Bwana kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Mtu akiapa kusema kweli mahakamani, wanasema, ni kana kwamba anakiri kuwa nje ya mahakama anaruhusiwa kusema vinginevyo. Si lazima tukubaliane nao katika kila jambo. Lakini tulijiuliza: ndiyo yetu ya asubuhi ile ilikuwa ndiyo ya nini?

Tusidhani pia kwamba kusema kweli ni kutokosea kamwe. Mwaka 1909 bruda wa Kikatoliki aitwaye Nicéforo María alinunua ngozi ya ndege mvumaji mmoja mjini Bogotá, Kolombia. Mwaka 1993 mtaalamu Gary Graves aliitangaza kuwa ya aina mpya, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona ikiwa hai. Mwaka 2009 watafiti walipima chembe za urithi, nao wakaona ni aina ya kweli. Kisha mwaka 2018 watafiti wengine, wakiwa na sampuli nyingi zaidi za kulinganisha, walionyesha kwamba yule ndege alikuwa chotara wa aina mbili tofauti. Aina iliyodhaniwa kutoweka haikuwahi kuwapo. Hakuna aliyedanganya katika habari hii. Kila mmoja alisema alichokiona kwa mwanga aliokuwa nao, na kwa sababu walihifadhi ngozi na kueleza sababu zao, waliokuja baadaye waliweza kusahihisha. Mwenye kusema kweli anaweza kukosea na kurekebishwa. Asiyeona akasema ameona hana cha kurekebisha, maana hakuweka kitu chochote mezani.

Asubuhi ya pili tulimwendea mwongozaji wetu. Mzee ndiye aliyesema, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. "Mwanangu, jana tulikuambia tumemwona. Hatukumwona. Utusamehe." Dada akafasiri. Yule kijana alitutazama kwa muda, akacheka kidogo, akasema wageni wengi hufanya hivyo na mara nyingine huwa anajua. Akafungua daftari, akaandika kitu pembeni ya mstari wa jana. Kisha akasema, "Basi twende tena."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Baridi ilitupenya. Hatimaye kitu kikavuma, kikasimama mbele ya maua, kikapotea. Safari hii hakuuliza kama tumemwona. Aliuliza, "Mmeona nini?"

Kijana wetu akajibu polepole: "Nimeona ndege mdogo. Mkia una weupe pembeni. Kichwa sikukiona." Mama wa kwaya akasema, "Mimi nimeona mdomo tu, umepinda kidogo." Mzee akasema, "Mimi bado." Mwinjilisti akasema, "Mimi pia bado," na tukaona kwamba neno hilo lilimpa raha kulisema.

Mwongozaji alifurahi kuliko jana. Aliunganisha mkia wa mmoja na mdomo wa mwingine na kile alichokiona mwenyewe, akasema kwamba alikuwa ndiye, jike. Vipande viwili vya kweli vilimfaa kuliko ndiyo nne za adabu. Tuliondoka Kosta Rika bila kuuona ule utosi wa shaba, na katika taarifa yetu kwa usharika tuliandika hivyo.

Tangu tuliporudi tumejaribu kubadilisha jambo moja dogo katika kikundi chetu cha maombi. Baada ya kuomba hatuulizi tena, "Umepona?" Tunauliza, "Unajionaje?" na tunaulizia kando, si mbele ya watu. Tena tumekubaliana kwamba mtu asiache dawa kwa sababu ya ushuhuda wake. Akiona ameponywa, aende akapimwe, na daktari naye awe shahidi. Hata wakoma, Bwana aliwaambia wakajionyeshe kwa makuhani. Hatuoni kwamba tumepungukiwa imani kwa kufanya hivyo. Shuhuda zimekuwa chache zaidi, hilo ni kweli, na wapo wanaosema kikundi kimepoa. Lakini maombi yamekuwa marefu, kwa sababu sasa tunajua nani bado anahitaji kuombewa.

Na tulimwomba radhi yule mama. Hilo lilikuwa gumu kuliko kumwambia mgeni kwamba hatukuona ndege. Alitusikiliza, akasema naye alikuwa na sehemu yake, maana alitaka sana tumfurahie.

Siku ya sikukuu ya mavuno aliomba kusimama. Tuliogopa kidogo. Alishika ukingo wa benchi kwa mkono wa kushoto, akasema: "Bwana asifiwe. Huu mkono bado haunyanyuki. Dawa ninakunywa asubuhi na jioni. Presha imeshuka, lakini haijaisha. Ninamshukuru Mungu kwa kiasi hiki, na ninaomba mzidi kuniombea." Akaketi.

Kanisa halikujua lifanye nini. Hatujazoea ushuhuda wa nusu. Pakawa kimya kwa muda, kisha mtu mmoja nyuma akasema amina, taratibu, na wengine wakafuata. Hapakuwa na makofi. Baada ya ibada tuliona watu watatu wamemsubiri mlangoni, kila mmoja akitaka kumwambia habari za ugonjwa wake mwenyewe ambazo hakuwa amewahi kuzisema kanisani.